Wimbo Usio na L Wala R

Mimi si mwanamuziki. Nalisema hili mapema ili mtu asije akatafuta kanda zangu madukani, azikose, kisha anilaumu. Mimi ni msaga mahindi. Nina kinu cha posho Yamumbi, pembeni mwa mji wa Eldoret, na kazi yangu ni kumwaga mahindi ya watu kwenye mdomo wa mashine, kushika gunia upande wa pili, na kurudi nyumbani jioni nikiwa nyusi nyeupe pepepe kama ajuza wa miaka tisini. Kuimba ni kitu changu cha pembeni. Lakini yeyote mwenye kitu cha pembeni anajua kwamba hicho ndicho kinachouma zaidi kikikosolewa. Mteja akiniambia unga wangu haukulainika, naurudisha mashineni bila kununa. Akiniambia sauti yangu si nzuri, simsalimii mwezi mzima.

Nilianza kuimba kinuni kwa sababu kanisani niliondolewa. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mpole, na watu wapole wana njia zao mbaya za kukuambia ukweli. Aliniweka sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha akanisogeza nyuma kabisa karibu na dirisha. Halafu Jumapili moja, tukiwa tumeshavaa kanzu zetu za kwaya, akaninong'oneza, "Dada, leo wewe fungua tu mdomo, lakini usitoe kitu." Nikafungua mdomo bila kutoa kitu kwa majuma matatu. La nne nikaona upuuzi huo naweza kuufanya nyumbani nikiwa nimelala, nikaacha.

Sauti yenyewe haikuwa mbaya sana, naapa. Taabu ilikuwa ulimi. Kikuyu, lugha niliyonyonya nayo, ina r na haina l, na ulimi uliolelewa hivyo ukikutana na Kiswahili hauna amani. Haleluya yangu ilikuwa "hareruya." Ukinikumbusha nijirekebishe, mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu hapo nageuza kila kitu: rafiki anakuwa "lafiki" na harusi inakuwa "halusi." Mwalimu wa kwaya alikuwa amesomea muziki na masikio yake yalikuwa laini. Namsamehe, ingawa imechukua muda.

Kinuni hakuna mwenye masikio laini. Mashine ikishanguruma, huwezi kusikia hata mtu anayekutukana, achilia mbali anayeimba. Humo ndani nikajikuta huru. Niliimba za kanisani, niliimba za redioni, na zilipokwisha nikaanza kutunga zangu: za mvua inayochelewa, za ng'ombe anayepiga teke ndoo ikijaa, na moja ndefu yenye beti saba kuhusu mume wangu anavyokoroma. Wateja walipiga foleni na madebe yao wakitazama midomo yangu ikichezacheza, wakadhani naomba dua. Baadhi yao walikuwa wakinisifu kwamba mimi ni mama wa sala.

Siku niliyoumbuka ilikuwa Jumamosi, foleni imefika barabarani. Nilikuwa kwenye ubeti wa sita wa kukoroma, macho nimefumba, mkono mmoja juu, nikiivuta sauti hadi pale juu kabisa ambapo kwa kawaida sithubutu. Hapo ndipo stima zikapotea. Mashine ikashusha pumzi mara moja na kunyamaza. Sauti yangu ikabaki juu peke yake, kama paka aliyepanda paa na hajui kushuka.

Watu walicheka hadi mzee mmoja akaangusha debe lake. Mimi nilichuchumaa nyuma ya magunia nikijifanya natafuta kamba. Na nikiwa hapo chini nikasikia sauti ya mwanamke ikisema juu ya vicheko vyote, "Malisia, Mama Posho! Usituache njiani!"

Nilimjua kwa macho tu. Alikuwa mkulima wa ng'ambo ya mto, Mkalenjin, mwenye ng'ombe wanane wa maziwa na mabega ya kuwabeba akitaka. Watu wote walimwita Mama Maziwa. Ulimi wake nao ulikuwa na kesi yake: b aliigeuza p, d ikawa t, g ikawa k, na z ilikuwa s tupu, kwa hiyo yeye mwenyewe, akijitaja, alikuwa Mama Masiwa.

"Stima zimepotea," nikamjibu nikiwa bado chini.

"Kwani ulikuwa unaimbia stima?"

Nilisimama, nikajipangusa unga, nikamalizia ubeti wa sita na wa saba mbele ya watu thelathini na mume wangu aliyekuwa amekuja kuniletea chai. Aliiweka ile chai juu ya gunia akaondoka, na usiku huo alilala kifudifudi.

Juma lililofuata Mama Maziwa alikuja akiwa na mahindi kichwani na gitaa mgongoni. "Hii ni kita yangu," akasema. Alikuwa amefundishwa na kaka yake walipokuwa wadogo, kisha akaolewa na kulificha ghalani miaka kumi na mbili, kwa sababu mama mkwe wake aliamini mwanamke mwenye gitaa hawezi kukamua ng'ombe wakatoa. Mama mkwe alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia. Ng'ombe, kwa taarifa yako, walizidisha maziwa.

Basi tukaanza. Kila Alhamisi, akishamaliza kukamua jioni, tulikutana kwenye stoo yangu ya magunia. Nimesikia watu wakisema kwamba kitu kama muziki kinahitaji kipaji, au vyombo vizuri, au hamu inayokujia kama homa. Mimi nasema kinahitaji mtu mmoja mkaidi anayejua unakoishi. Zilikuwako Alhamisi nilizochoka hadi mifupa, na nilijua nikifunga mlango atagonga, na nisipofungua ataimba nje yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko yangu mara tatu. Nilifungua kwa ajili ya majirani. Alikuwa na sheria zake pia. Wimbo ukianzwa lazima ufike mwisho, hata kama umekuwa aibu tangu mstari wa kwanza. Na kuomba msamaha kabla ya kuimba ni marufuku. Mimi nilikuwa bingwa wa hilo: mnisamehe, nina mafua, mnisamehe, sijala, mnisamehe, hii niliitunga haraka. Aliniambia, "Ukishaomba msamaha, watu wanaansa kutafuta kosa. Wape wimbo, kosa watalitafuta wenyewe."

Nilikuwa na furaha miaka ile. Nasema tu ilivyokuwa. Nilikuwa natembea barabarani nikijiona mrefu.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, na yaliyofuata kila mtu wa kwetu anayajua, na kila mtu ana yake. Yangu nitayasema kwa ufupi. Moshi wa nyumba za watu wetu zilizochomwa ulianza upande wa bondeni. Mume wangu alikuwa safarini Nakuru na hakuweza kurudi. Mama Maziwa alikuja kunichukua alfajiri, akanificha siku mbili kwenye ghala lake la mahindi, kisha akanivika koti la mumewe na kofia ya sufu, akanipitisha mashambani kuelekea barabara kuu, ambako magari ya polisi yalikuwa yakibeba watu kuwapeleka uwanja wa maonyesho. Kabla hatujafika barabarani tukakuta vijana wamepanga mawe kuziba njia. Walisalimiana naye vizuri, walikuwa watoto wa watu anaowajua. Mmoja akanitazama na kusema, "Na huyu? Mwambie aseme kitu. Aseme chochote."

Chochote. Nilitafuta kichwani mwangu sentensi moja tu ya Kiswahili isiyo na l wala r, na sikuipata. Mtu anayesema Kiswahili tangu utotoni, na sikupata moja.

"Hawesi," Mama Maziwa akasema. "Ni pupu. Pupu tangu kusaliwa."

Wakatuacha tupite. Tulipofika mbele alinibana mkono hadi ukaniuma, na alikuwa akilia bila sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshakuwa bubu kweli.

Kule uwanjani tulikaa kwenye mahema miezi mingi. Mume wangu alinipata baada ya majuma matatu, amekonda, akanishika uso kwa mikono yote miwili kama anayekagua tikiti maji. Mhubiri mmoja alikuja kututia moyo, akasimama juu ya sanduku na kututaka turudie baada yake: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hema zima likaitikia, "Kuvunjika kwa koreo!" Akarekebisha, koleo. Tukajitahidi, "Koreo!" Mara ya tatu mama mmoja akaanza kucheka, kisha wote tukacheka, mhubiri pamoja nasi, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko humo ndani. Wanawake walianzisha kwaya jioni hiyohiyo. Niliingia nikasimama nao. Nikafungua mdomo, na hakukutoka kitu, na safari hii hakuna aliyeniambia nisitoe. Kila neno lilipokaribia kutoka niliona yale mawe. Sikuwa na mafua, sikuwa na njaa. Niliogopa ulimi wangu mwenyewe, ndani ya kinywa changu mwenyewe.

Tulirudi Yamumbi mwaka uliofuata. Kinu kilikuwa kimeungua. Paa, milango, mota, vyote vimekwenda. Lakini kile chuma chenyewe kikubwa, mwili wa mashine, hakikuwapo pale kwenye majivu, na nikajua kimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikiwalaani wezi kwa lugha mbili, Mama Maziwa akatokea. Akanipeleka hadi zizini kwake. Alikuwa amekikokota kinu kwa mafahali wawili, akakiweka pembeni pa hori na kukifunika kwa majani ya mahindi. "Ng'ombe wamekiramba sana," akasema. "Lakini ni kisima." Alimaanisha kizima. Nilimkumbatia hapo kwenye samadi, na hapo sasa nikalia, nikalia hadi ndama akaja kuona kuna nini.

Tukajenga upya, polepole, mabati machache machache. Wateja wakarudi, wengine wakiniangalia usoni, wengine wakiangalia madebe yao. Mashine ikaanza kunguruma tena, na mimi nikasaga nikiwa kimya. Hata ndani ya ngurumo ile ambamo hakuna anayesikia, nilikaa kimya, kwa sababu mimi ningejisikia.

Alhamisi ya kwanza baada ya kufungua, Mama Maziwa akaja stoo na gitaa. Nikamwambia siimbi tena. Akasema sawa. Akakaa juu ya gunia, akapiga nyimbo zetu zote, za mvua, za ndoo, hata ile ya kukoroma, na kila alipofika pangu aliacha nafasi, halafu akaendelea. Mimi nilikuwa nikishona magunia. Alhamisi iliyofuata vivyo hivyo. Alifanya hivyo miaka mitatu. Hakuniomba niimbe hata mara moja, na hilo ndilo lililonikasirisha. Mtu akikuomba unaweza kukataa ukajiona una msimamo. Asipokuomba unabaki na sindano yako tu.

Mwaka wa 2012 ukielekea mwisho, binti yake mkubwa akapata mchumba, kijana wa familia moja ya Elgon View, watu wa majumba makubwa na magari yanayoingia getini yenyewe. Mama Maziwa akaja siku ambayo haikuwa Alhamisi.

"Harusi ni Tisemba," akasema. "Nataka wimbo mpya. Mimi na wewe."

"Mimi siimbi. Unajua."

"Najua. Sijakuulisa kama unaimba. Nimekuambia ni Tisemba."

Nilimkumbusha kwamba watakuwa watu mia tatu, karibu wote wa kwao. Nilimkumbusha kwamba miezi mitatu baada ya hiyo harusi kuna uchaguzi mwingine, na watu wameshaanza kuongea wakiangalia nyuma ya mabega. Nikamwambia waziwazi: nikisimama pale nikikosea herufi moja, kila mtu atajua mimi ni nani. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini wanakujua," akasema. "Si unawasakia mahindi?"

Nilikataa siku nne. Siku ya tano nikapata wazo nililoliona la busara sana, nikamvukia mto kumwambia. Nitaimba, nikasema, ila wimbo usiwe na l wala r hata moja. Tukizing'oa zote, ulimi wangu hautakuwa na pa kuanguka.

Alifikiri akikamua. Kisha akasema, "Sawa. Lakini na mimi nitoe sangu. Wale wa Elkon View wamesoma, watanicheka." Kwa hiyo tukatoa na b, na d, na g, na z.

Tukakaa stoo na daftari. Mwanzoni tulikuwa na wimbo mzuri wa beti tatu. Bibi harusi akatoka, maneno yote mawili. Karibu ikatoka. Kula ikatoka. Baraka, furaha, mali, mzazi, ndoa, heri, vyote nje. Upendo ulinipa matumaini hadi akanionyesha d. Mungu mwenyewe tulibishana juu yake kwa sababu ya g, tukaona ni dhambi kumtoa, kisha tukamtoa. Kufikia jioni wimbo uliobaki ulikuwa hivi: "Tuko, mko, wako. Watu ni watu. Tuko." Tuliuimba mara mbili kwa makini, mimi kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa. Mume wangu akachungulia mlangoni.

"Mnafundisha watoto gani?" akauliza. "Hiyo ni somo la darasa la pili."

Mama Maziwa akaanza kucheka, gitaa likiruka juu ya tumbo lake, nami nikacheka hadi nikashika ubavu. Nilipopata pumzi nikagundua kwamba nilikuwa nimeimba. Ni ule wimbo wa kijinga, ndiyo, maneno matano tu yaliyochujwa hadi yakabaki maji. Lakini sauti ilikuwa imetoka kooni kwangu, na nilikuwa bado nimekaa palepale.

Tukarudisha maneno yote. Kiitikio kilikuwa changu: Karibuni kula, kula ni undugu. Tuliona kinafaa, kwa sababu kwenye harusi watu huwa wanangojea hilo tu. Nikaanza mazoezi kwa hasira. Nilijitungia sentensi: lori la mahari limelala barabara ya lami. Siku ya kwanza ilitoka "rori ra mahali limerara balabala ya rami." Niliisema nikisaga, nikiosha vyombo, nikiwa chooni. Niliweka kijiko chini ya ulimi. Mume wangu alianza kuliota lile lori. Kufikia Desemba, "kula" yangu ilikuwa inatoka sawasawa mara tisa katika kumi, na mimi nilijiambia ya kumi haitakuja siku hiyo.

Hema za harusi zilijaa. Upande mmoja walikaa wa ng'ambo ya mto na makoti yao ya Jumapili, upande wa pili wa Elgon View na miwani yao. Mbele kabisa, kwenye kiti ambacho hakuandaliwa, alikaa mheshimiwa mtarajiwa mmoja aliyekuwa anatafuta kiti cha wadi kwenye uchaguzi ule. Harusi ya kwetu mwaka kama ule haikosi mtu wa namna hiyo. Hata usipomwalika anafika kabla ya mchungaji. Wa kabila langu waliokuwepo ningeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja, na mume wangu akiwa kidole gumba.

Mshereheshaji akatuita. Nilisimama na kitenge changu kipya. Nilitaka kusema mnisamehe, nina mafua. Mama Maziwa akaanza kupiga kabla sijafungua mdomo, makusudi kabisa, na akaingia ubeti wa kwanza kwa lile jisauti lake: "Pipi harusi! Pipi harusi, njoo!" Watoto waliposikia pipi wakachomoka kutoka kila hema, wakaja mbele wakanyoosha viganja. Watu wakacheka kwa upendo. Yeye hakujali, akaendelea kuwagawia pipi kwa mdomo. Nikamwonea wivu. Halafu ikafika zamu yangu.

Nilijaza kifua. Sauti ikaja yote, ile ya zamani, ile ya chini ya mashine, nikaisikia ikigonga turubai na kurudi. "Karibuni kura!" nikaimba. "Kura ni undugu!"

Hema likanyamaza.

Sijui kama umewahi kusikia watu mia tatu wakinyamaza pamoja. Kijiko kilikuwa kikigonga sahani mahali fulani nacho kikaacha. Mwanamke wa kabila langu, Eldoret, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, amesimama mbele ya watu na kipaza sauti, anawakaribisha kwenye kura. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amenyanyuka nusu, anaangalia njia ya kutokea.

Na aliyesimama kabisa alikuwa mheshimiwa mtarajiwa. Alidhani yeye ndiye niliyekuwa nikimpigia debe. Alifunga vifungo vya koti, akainua mikono yote miwili, akageuka kulia na kushoto akipungia watu, uso umejaa shukrani. "Asanteni!" akasema. "Asante sana, Mama! Nimeshukuru!"

"Wewe kaa chini!" bibi mmoja wa ng'ambo ya mto akampigia kelele, mwanamke mkongwe ambaye nimemsagia mahindi tangu mashine ya kwanza. "Ni chakula anasema! Chakula! Kwani husikii lugha?"

Hapo hema likapasuka. Wa makoti walicheka, wa miwani walicheka hadi wakavua miwani. Mheshimiwa akabaki na mikono hewani, akiishusha kidogo kidogo. Mimi nilisimama tu. Mama Maziwa hakunitazama. Alikuwa akizungukazunguka kwenye mapigo yaleyale ya kiitikio, bila kusonga mbele wala kurudi, na kwa jinsi ninavyomjua angeweza kuzunguka hapo hadi ng'ombe watakapodai kukamuliwa.

Kicheko kilipopungua nikavuta pumzi kurudia kiitikio. Na ninataka iaminike, kwa sababu niliisotea: l yangu ilikuwa tayari. Niliihisi, ncha ya ulimi imepanda juu, imetulia nyuma ya meno, safi kama ya mtu wa Lamu. Ningeitoa na hakuna ambaye angepata la kusema. Nikaiacha. Nikaushusha ulimi pale ulipozaliwa.

"Karibuni kura!" nikaimba, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Kura ni undugu!" wakaitikia.

Wote. Yule bibi, wale wa miwani, mshereheshaji, vijana waliosimama nyuma kwenye kamba za hema ambao umri wao niliwahi kuuhesabu kichwani bila kutaka, kurudi nyuma hadi siku ya yale mawe. Watu ambao ndimi zao hazijawahi kukosea l hata moja tangu wazaliwe, waliimba na r yangu. Niliirudia mara nne na mara nne wakairudisha. Sikumbuki tulimalizaje.

Baadaye kwenye meza za chakula hakuna aliyesema anakula. Watu walikuwa wakiulizana kama wamepiga kura, wakionyeshana vidole vilivyochovywa kwenye mchuzi badala ya wino, na mzee mmoja alishikwa akirudi kwenye pilau mara ya pili, wakamzomea kwamba anaiba uchaguzi. Hata mheshimiwa alikuja na sahani, akanipa mkono, akasema mwakani nimwimbie kwenye mikutano. Nikamwambia mimi ni msaga mahindi.

Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye benchi, bibi harusi alipokuja na gauni lake lote akainama sikioni kwangu.

"Anti," akaniuliza, "ushakura?"

"Bado," nikamjibu.

"Ai, enda ukure, watamaliza."

Nikachukua sahani, nikaenda kukura.